Dawa Iliyopiga Hodi

Kila nikija hapo dirishani kwenu kuchukua vidonge vyangu vya presha mnaniuliza, Bi Hidaya, katika miaka yako yote ya kutoa dawa, kitu gani kilikushangaza zaidi? Najua mnachokitaka. Mnataka nicheke na nyinyi habari ya yule bwana wa Wete aliyepewa vidonge vya kuingizwa nyuma, akavitafuna vyote, akarudi kulalamika kwamba vina mafuta mengi. Huyo yupo, na bado anaishi, na akinipita njiani huinamisha kichwa. Lakini si huyo.

Kilichonishangaza ni ngozi. Ngozi ya mwanamke mmoja wa kisiwa cha Makoongwe aliyeitwa Riziki, iliyoikataa dawa iliyokuwa ikimweka hai, kisha ikabembelezwa mpaka ikaikubali. Nimeona watu wakipasuliwa na kushonwa, nimeona watoto waliokwisha kulazwa kibla wakifumbua macho wakaomba uji. Lakini hilo la Riziki nikilikumbuka hata sasa, nywele za mikono hunisimama, na mimi si mtu wa kusimamwa na nywele ovyo.

Kabla sijafika kwake, nikwambieni juu ya maji, maana bila hivyo hamtanielewa. Nyinyi mmezikuta dawa za watoto zimo chupani, zina ladha ya stroberi na kijiko chake cha plastiki. Sisi tulikuwa tukitwanga. Siku ambazo dawa ya maji haikufika, tulichukua kidonge cha mtu mzima, tukakisaga katika kinu cha kaure, tukakikoroga kwa maji na kukipima upya kwa kadiri ya mtoto. Aliyenifundisha ni marehemu Mzee Makame, mchanganya dawa wa zamani, mtu mkavu, mwenye kikohozi ambacho hakuna dawa yake hata moja iliyokiweza. Wiki yangu ya mwanzo hakuniruhusu kushika dawa yoyote. Alinipa chumvi. Aliniambia niyeyushe kijiko katika chupa ya maji, nitoe kidogo nitie katika chupa ya pili yenye maji matupu, nitoe kidogo humo nitie katika ya tatu, na kuendelea. Halafu akanionjesha.

"Humu hamna chumvi," nikamwambia, nilipofika chupa za mwisho.

"Imo. Ulimi wako ndo usojua."

"Sasa kama ulimi haujui, nani ajuaye, mzee?"

"Weye ulotia," akasema, akakohoa, akaondoka. Nikamcheka moyoni, nikamwona mzee anayependa kusumbua watoto wa watu. Na kukoroga je! Nikikoroga mpaka bega linauma, yeye anachungulia na kusema, "Wakoroga kama waiogopa hiyo chupa. Itikise!" Dawa isiyotikiswa hukaa chini, wa mwanzo akanywa maji na wa mwisho akanywa sumu. Hilo lishikeni, hata kama mengine yote ya leo yatawatoka.

Sasa Riziki. Alikuwa mkulima wa mwani, mama wa watoto wadogo, mumewe muda mwingi yuko dago, kwenye kambi za wavuvi za mbali. Damu yake iliingia saratani. Alipoletwa mara ya kwanza alibebwa, tumbo limevimba upande wa kushoto, uso umepauka. Akapelekwa hospitali kubwa Dar es Salaam, akarudi na kidonge. Kidonge kimoja cha kumeza kila siku, siku zote za uhai wake, rangi yake manjano iliyokolea kama bizari. Baada ya miezi michache nilimwona sokoni Chake Chake ananunua vitambaa vya watoto kwa sauti kubwa, anateta na muuzaji. Sikumjua mpaka aliponiita. Nilifurahi nikasahau nilichokuja kununua.

Halafu mwili ukaanza kuwasha. Kwanza vipele mgongoni, kisha tumboni, kisha mabaka mekundu yaliyoinuka kila mahali, anajikuna mpaka kanga inashika damu. Alikuja na mama mkwe wake, Bi Mize, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo, ambaye alimpenda mkaza mwana wake huyu kuliko wengi wanavyowapenda watoto wao wa kuzaa. Bi Mize alikwisha kata kesi.

"Ni pweza huyu. Nimemwambia asile pweza."

"Mama, mie nshaacha pweza tokea mfungo," Riziki akasema. "Mwili waniwasha vile vile."

Aliyewapokea ni Daktari Shaame, daktari wetu wa ngozi, mzaliwa wa Wete, kijana wakati huo, mwenye tabia ya kumtazama mgonjwa muda mrefu kabla hajamwuliza kitu. Wagonjwa wengine walidhani amesinzia. Alimsimamishia ile dawa. Ngozi ikatulia. Akairudisha, na hazikupita siku nyingi ngozi ikawaka tena, mgongo umejaa wote. Hapo hapakuwa na pweza wala dagaa wa kusingiziwa. Ni kidonge.

Daktari akapiga simu Dar es Salaam kuuliza kama ipo dawa nyingine badala yake. Ilikuwepo duniani, lakini haikuwepo kwetu, wala hapakuwa na njia ya kuipata karibuni. Akatoka chumbani akaja kusimama dirishani kwangu. Nikamuuliza, na asipomeza? Akasema damu itarudi kule kule ilikokuwa, na safari hii huenda isirudi nyuma tena. Riziki alikuwa amekaa benchi la nje, amempakata mtoto wake wa mwisho anayenyonya kidole. Nikaingia ndani nikajifanya natafuta maboksi, kwa sababu sikutaka anione usoni.

Siku ya pili Daktari Shaame alituita sote, Riziki, Bi Mize, muuguzi wa zamu na mimi, akatueleza jambo ambalo alilijadili na wakubwa wake wa Dar es Salaam. Alieleza hivi. Mgeni akikuvamia nyumbani kwa teke la mlango, utapiga kelele na jirani watakuja na mapanga. Mgeni huyo huyo akipiga hodi kwa mbali, ukamsikia, kesho akapiga hodi uani, keshokutwa akafika ukumbini, siku utakapomkuta jikoni anakuchambulia mchele hutashangaa. Tutaanza na kiasi kidogo mno, kidogo hata ngozi isijue kimepita. Kisha tutaongeza, na kuongeza, mpaka kifike kidonge kizima.

"Weye daktari watucheza shere," Bi Mize akasema. "Kitu kinamdhuru, ndo umpe tena?"

"Nampa, mama. Lakini kwa adabu."

Nataka mnisikie vizuri hapa, wanangu, maana nawajua mlivyo wepesi wa kuiga. Si kila mwasho unaobembelezwa. Mgonjwa aliyetoka malengelenge, ngozi ikambanduka, au midomo na macho yakachubuka, huyo dawa ile hairudishwi hata chembe, na anayeirudisha anaua. Aliyevimba uso na pumzi ikambana, hilo ni la wakubwa, si la dirishani. Riziki daktari alimkagua mpaka ndani ya kope, akahakikisha kuwa yake ni ya aina inayokubali maneno. Hata hivyo alimlaza wodini siku za mwanzo, sindano ya dharura iko kando ya kitanda, muuguzi haondoki. Haya si mambo ya kujaribia nyumbani kwa kisu na kidonge.

Kazi ya kuchanganya nikapewa mimi. Nikavaa glavu na barakoa, maana unga wa dawa zile hauvutwi wala haushikwi kwa mkono mtupu. Nikasaga kidonge, nikakiyeyusha katika maji niliyoyapima, na maji yakawa manjano mazuri. Nikatoa humo kidogo nikatia katika chupa ya pili yenye maji matupu, nikatikisa, nikatoa nikatia katika ya tatu. Huku natikisa nikamsikia Mzee Makame na kikohozi chake. Alikuwa amekwisha fariki zamani. Chupa za mwisho zilikuwa nyeupe kabisa, ukizitazama ni maji ya kisima, na mimi peke yangu katika chumba kile ndiye niliyejua kwamba dawa imo. Nilisimama pale na chupa mkononi nikaona aibu ya kicheko nilichomcheka mzee wa watu.

Riziki alianzia hizo nyeupe. Nilimpimia kwa bomba la sindano lisilo na sindano, akafungua mdomo, nikammiminia. Tukakaa tukiitazama mikono yake.  Baadaye tena, kidogo zaidi. Tena tukaitazama. Bi Mize alikuwa anapitisha macho kutoka kwenye chupa hadi kwenye ngozi, na kutoka kwenye ngozi hadi kwangu, kama mtu anayeuziwa mbuzi asiyemwona. "Maji haya," akanong'ona. Lakini siku zikaenda, tukapanda chupa, na ngozi haikusema kitu. Maji yakaanza kushika rangi, manjano hafifu, kisha manjano hasa, na Bi Mize akaacha kunong'ona. Dozi ilipokua nikawa naitia kikombeni, naye nikamwona anakipokea kwa mikono miwili, anasoma Bismillahi, anakipuliza, ndipo anampa mwanawe. Nikaona ni heshima nzuri kwa dawa, nikapendezwa.

Ilipoonekana mambo yanakwenda, Daktari Shaame akamtoa wodini. Wakahamia kwa jamaa yao hapo Tibirinzi, karibu na hospitali. Dozi ya asubuhi Riziki akija kuinywa mbele yetu, ya jioni nikimpa Bi Mize katika kichupa aende nayo. Siku kadhaa zikapita salama. Nilianza hata kujigamba kwa muuguzi kwamba tumeshinda.

Asubuhi moja wakaja, Riziki kajifunika mtandio mpaka machoni. Alipoufungua, paji la uso jekundu, limeinuka. Kifua chekundu. Mikono, upande wa ndani, yote mabaka. Bi Mize analia waziwazi.  Dawa tuliyokuwa tumefikia haikuwa hata nusu ya kidonge, na kama ngozi imekataa hapo, basi imekataa. Riziki mwenyewe hakulia. Alisema kwa upole, "Basi tena daktari. Mmejitahidi. Nirudisheni kwa watoto wangu," na sote tukajua anasema nini.

 Daktari Shaame akamwambia ageuke. Akautazama mgongo wake, akautazama tena, akautazama muda ule wake mrefu mpaka nikataka kumtikisa. Kisha akauliza, "Mara ya kwanza ulianza wapi mwasho?"

"Mgongoni."

"Mgongo wako leo safi. Tumbo safi. Dawa ilonywewa huingia damuni ikaenda kila mahali, mbele na nyuma, haichagui. Hii imechagua. Paji la uso, kifua, mikono kwa ndani." Akanyanyua mkono wake hewani akaupitisha mbele ya uso wa Riziki bila kumgusa, akaushusha kifuani, akaupitisha mikononi, na kila ulipopita mkono ule ndipo palipokuwa pekundu. "Huu haukunywewa. Huu umepakwa."

Wallahi nilisisimka. Miaka yote ile nilidhani kijana yule anatazama tu. Kumbe alikuwa anasoma, na ngozi kwake ilikuwa imeandikwa.

 Kisha Bi Mize akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua kuwa anayo, "Nilompaka mie."

Akaeleza, na nyinyi ambao ni watoto wa kisiwa hiki hamtahitaji kuelezwa mara mbili. Sote tumekunywa kombe. Mwalimu wa chuo cha Kurani huandika aya kwa zafarani katika sahani nyeupe, akaisuza kwa maji, yakawa manjano, mgonjwa akanywa, na yanayobaki akapakwa usoni, kifuani na mikononi. Bi Mize aliyaona maji yangu yanabadilika siku hadi siku kutoka weupe kuja rangi ya zafarani, aliona yanapimwa kwa taadhima, yanatikiswa, yananywewa kidogo kidogo, na mwanawe anapona. Akili yake ikampa jina la kitu anachokijua. Basi kila jioni pale Tibirinzi, Riziki akinywa nusu, na nusu Bi Mize akimpaka kwa mkono wake, akimsomea.

"Kombe halinywewi likaisha hivi hivi," akasema. "Lazima nwenyewe apakwe. Mie nilitaka apone upesi. Ntoto wa watu huyu, nimemdhuru kwa nkono wangu." Na akautazama ule mkono kana kwamba si wake.

Mimi nilikuwa tayari kufoka. Nakiri nina ulimi. Daktari Shaame akaniwahi. Akavuta kiti akakaa mbele yake, goti kwa goti.

"Bi Mize, mie mwenyewe nimenyweshwa kombe mpaka nikaingia skuli ya udaktari. Marehemu bibi akinipaka mpaka nyuma ya masikio. Nakuuliza, sahani ya kombe huisuza vipi?"

"Naisuza mpaka ibaki nyeupe."

"Na suzo lake?"

"Hunywewa. Havimwagwi vitu vile. Isibaki hata herufi."

"Basi hivyo hivyo na dawa yangu. Mgonjwa aimalize yote, usuze kikombe kwa maji, anywe na suzo, isibaki hata tone. Hii haina la kupakwa. Ngozi ndiyo tunayoificha isijue, ukimpaka umeenda kuiamsha kwa kofi. Ukitaka kumpaka, nitakupa mafuta, mpake hayo, na umsomee kila utakacho."

Bi Mize akajifuta macho kwa kanga. Kisha akauliza swali moja tu, "Kwa hivyo dawa haijamkataa?"

"Haijamkataa."

Akamshika Riziki kichwa akakibana kifuani pake, na hapo ndipo Riziki alipolia. Na mimi, niliyejiandaa kufoka, nikatoka nje kutafuta maboksi yangu.

Tukarudi nyuma hatua, tukangoja mabaka yatulie, tukaanza tena kupanda. Tangu siku ile sijawahi kuona msimamizi wa dawa kama Bi Mize. Wauguzi wa zamu walimwogopa. Kikombe akikisuza, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakisuza tena. Mimi mwenyewe aliwahi kunigombeza kwa kuacha povu kwenye bomba. "Hilo nalo si dawa, Bi Hidaya?" Nikaona haya, nikalirudisha.

Siku ya kidonge kizima ilifika. Hakuna kusaga tena wala kukoroga. Kidonge chenyewe, kile kile kilichompasua ngozi, kikakaa kiganjani mwa Riziki. Akakimeza. Tukakaa. Muuguzi kaacha kazi zake, mimi nimefunga dirisha, watu huko nje wanagonga na kuniita majina. Tukakaa tukiutazama mkono mmoja mwembamba wa mkulima wa mwani uliolazwa juu ya shuka, na mkono ule haukufanya lolote. Ngozi ilikaa tu, ikiwa ngozi. Maishani mwangu sijatazama kitu kisichotokea kwa hofu na furaha kama ile. Daktari Shaame akasema Subhanallah, taratibu, na macho yake yalikuwa yamejaa.

Bi Mize akauliza, "Sasa ngozi imesahau kama ilimchukia mgeni wake?"

"Haikusahau, mama. Imezoea. Akikaa siku nyingi bila kumeza, itarudi kumwona mgeni, na tutaanza tena kwenye yale maji meupe. Lazima ameze kila siku."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Basi atameza," Bi Mize akasema, kama aliyepewa kazi ndogo.

Wakarudi Makoongwe. Miaka ikapita. Damu ya Riziki ikipimwa inatoka vizuri, na akija dirishani kwangu anakuja na Bi Mize nyuma yake, kila mara mfupi zaidi, kila mara sauti ile ile. Nilikuwa nimekwisha staafu nilipoletewa habari kwamba Bi Mize amefariki. Nikavuka kwenda kumzika.

Nyumba ilijaa wanawake. Riziki alikuwa amekaa mkekani karibu na mlango wa chumba alimooshewa marehemu, macho yamevimba, sauti imemkauka. Kilio kilikuwa kimepamba moto. Ghafla nikamwona ananyanyuka. Akaingia ndani, akatoka na kikombe cha maji, akafungua pindo la kanga, akatoa kidonge. Mwanamke mmoja aliyekaa jirani yangu akamkazia macho.

"Hata leo, Riziki? Maiti imo ndani!"

"Leo nikiacha, ndo nitakuwa nimemzika," Riziki akasema.

Akakimeza, akamaliza maji yote, akarudi mkekani pale pale, akaendelea kulia. Nikasogea nikakaa naye nikamshika mkono. Ulikuwa wa moto kwa kilio, na ngozi yake ilikuwa safi kabisa.